Kutazama faili za jiometri za vigunduzi vya chembe, kwa macho ya mchora ramani

Faili ya GDML, lugha ya kueleza jiometri ya vigunduzi vya chembe (vyombo vya kunasa chembe ndogo kuliko atomu), ukiibofya mara mbili kwenye kompyuta ya kawaida hupati picha. Utaulizwa uifungue kwa programu gani, na ukiifungua kwa Notepad utakutana na maandishi yaliyojaa alama za mishale. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, mageti na ngazi za chuma. Ofisi yangu iko juu ya duka la vitambaa hapa Mwembe Tayari, na miaka yote hiyo faili nilizozijua ni DWG za AutoCAD na PDF. Mtoto wa kaka yangu anasoma fizikia chuo kikuu. Siku hiyo alipanda ngazi na flashi mkononi, akanipa shikamoo, kisha akasema: "Shangazi, wewe si mtu wa michoro? Nifungulie hii."

Nikaijaribu kwa AutoCAD, ikakataa. Nikabadilisha herufi za mwisho za jina la faili nikidhani nitaihadaa programu. Msifanye hivyo, ni kupoteza asubuhi.

Jambo la kuelewa kwanza ni kwamba DWG inahifadhi mistari na maumbo ya kuchorwa, ilhali GDML ni maelezo ya vitu vyenyewe: umbo gani, limetengenezwa kwa nini, limewekwa wapi, ndani ya nini. Imeandikwa kwa XML, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuisoma akiwa na subira. Ndani yake kuna mafungu matano: define ya vipimo na nafasi, materials ya malighafi, solids ya maumbo, structure ya kupanga nani yuko ndani ya nani, na setup inayotaja chombo cha nje kabisa, kile ambacho wanafizikia hukiita ulimwengu. Wanasema pia mama na mabinti: kila chombo ni mama wa vilivyomo ndani yake. Nyumba ni mama wa vyumba, chumba ni mama wa kabati, kabati ni mama wa droo. Hapo nikajua kazi hii naiweza.

Kinachonishangaza mpaka leo ni mpangilio. Sisi tunaanza na mipaka ya kiwanja, ndipo tunaingia ndani. GDML inakwenda kinyume: kitu hakitajwi mpaka kiwe kimeshaelezwa, basi droo huandikwa kwanza na kiwanja mwisho. Ukitaka kuelewa faili ya mtu, anza chini ukipanda juu.

Programu ninayoitumia ni ROOT, ya bure, iliyoanzishwa CERN miaka ya tisini na René Brun na Fons Rademakers. CERN ni maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, iliyoundwa mwaka 1954, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa karibu na Geneva. ROOT inafanya mambo mengi ya takwimu ambayo mimi hayanihusu. Ninachokitaka ni sehemu yake ya jiometri.

Mimi natumia Ubuntu. Mwenye Windows aweke WSL kwanza, yaani Linux ndani ya Windows. Kisha, ukishakuwa na Conda, programu ya kuwekea programu nyingine:

conda create -n kigunduzi -c conda-forge root
conda activate kigunduzi
root

Mzigo wa kupakua ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo usiuanze na bando la siku. Mimi nilingoja jioni nikaenda kwa rafiki mwenye waifai, nikala mahamri na mbaazi zake huku mstari ukijaa.

Usianze na faili kubwa ya mtu mwingine. Andika ndogo yako, ili likiharibika jambo ujue kosa ni lako na liko mstari gani. Hii hapa ni ya kigunduzi cha myuoni, chembe zinazotushukia kutoka angani wakati wote. Kwenye usawa wa bahari, kama hapa kwetu, hupita takriban myuoni moja kwa dakika katika kila sentimita mraba, yaani hata kwenye kiganja chako sasa hivi zinapita. Kigunduzi chetu kina sahani mbili za sintileta, plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita, na katikati bamba nene la risasi.

<?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
<gdml>
<define></define>
<materials>
<material name="Hewa" Z="7"><D value="0.0012"/><atom value="14.0"/></material>
<material name="Plastiki" Z="6"><D value="1.032"/><atom value="12.0"/></material>
<material name="Risasi" Z="82"><D value="11.35"/><atom value="207.2"/></material>
</materials>
<solids>
<box name="b_ulimwengu" x="200" y="200" z="200" lunit="cm"/>
<box name="b_sahani" x="50" y="50" z="1" lunit="cm"/>
<box name="b_bamba" x="40" y="40" z="5" lunit="cm"/>
</solids>
<structure>
<volume name="Sahani"><materialref ref="Plastiki"/><solidref ref="b_sahani"/></volume>
<volume name="Bamba"><materialref ref="Risasi"/><solidref ref="b_bamba"/></volume>
<volume name="Ulimwengu"><materialref ref="Hewa"/><solidref ref="b_ulimwengu"/>
<physvol name="juu"><volumeref ref="Sahani"/><position name="p1" x="0" y="0" z="10" unit="cm"/></physvol>
<physvol name="kati"><volumeref ref="Bamba"/><position name="p2" x="0" y="0" z="0" unit="cm"/></physvol>
<physvol name="chini"><volumeref ref="Sahani"/><position name="p3" x="0" y="0" z="-10" unit="cm"/></physvol>
</volume>
</structure>
<setup name="Default" version="1.0"><world ref="Ulimwengu"/></setup>
</gdml>

Mwanafizikia atanikemea kwamba hewa si naitrojeni tupu wala plastiki si kaboni tupu. Ni kweli, lakini hapa tunatazama maumbo, hatupigi hesabu za mionzi. Ona pia kwamba Sahani imeelezwa mara moja tu ikawekwa mara mbili, kama dirisha la aina moja unalolirudia kwenye ramani nzima.

Ihifadhi kwa jina kigunduzi.gdml. Ukiwa folda ileile, fungua ROOT uandike:

TGeoManager::Import("kigunduzi.gdml");
gGeoManager->GetTopVolume()->Draw("ogl");

Dirisha litafunguka na utaona sahani, bamba, sahani. Shika kitufe cha kushoto cha mausi uzungushe, gurudumu kwa kusogeza karibu au mbali, kitufe cha kati kwa kuihamisha picha. Bonyeza w uone waya tupu, r urudishe maumbo yaliyojaa, t uongeze mistari ya kingo. Mimi nakaa sana kwenye w, labda kwa mazoea ya kazi: mchoro wa waya hauwezi kukuficha kitu nyuma ya kitu.

Sanduku la ulimwengu hulioni, na hilo si kosa. ROOT kwa kawaida huchora vyombo vya mwisho tu, vile visivyo na mabinti, na hushuka ngazi tatu peke yake. Hapa ndipo mtoto wa kaka yangu alipokwama. Faili yake ilikuwa na ngazi saba, na kila alipoifungua aliona masanduku manne makubwa yamejipanga. "Shangazi, hii faili ni mbovu," akasema. Haikuwa mbovu. Programu ilifika ngazi ya tatu ikasimama, ikayachora yale makasha ya nje kana kwamba ndiyo mwisho wa safari. Ni kama kusimama Kilindini ukatazama kontena zilizopangwa, ukasema shehena yote ni mabati. Andika:

gGeoManager->SetVisLevel(7);
gGeoManager->GetTopVolume()->Draw("ogl");

Makasha yakapotea, zikatoka safu za vijiti vyembamba, mamia. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaanza kupiga picha kioo kwa simu.

Usikimbilie ngazi kubwa, hata hivyo. Laptopu yangu ina memori ya gigabaiti nne, na nilipoiambia ishuke ngazi kumi kwenye faili kubwa, ilikoroma, feni ikapiga kelele, na joto la Machi likaongezeka ofisini bila sababu. Panda ngazi moja moja. Ukitaka kujua kilichomo bila kuchora, tumia:

gGeoManager->GetTopVolume()->PrintNodes();

Itakuorodheshea mabinti wa moja kwa moja na mahali walipo. Ukiona jina linalokuvutia, chora hilo pekee, kwa mfano gGeoManager->GetVolume("Bamba")->Draw("ogl"). Kwa faili nzito ndiyo njia ninayoipendelea: chumba kimoja kimoja, si jengo zima.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu huumia. Nilipoandika faili ile ya mazoezi mara ya kwanza, nilisahau kuandika unit="cm" kwenye nafasi za sahani. Picha iliyotoka ilikuwa kizuizi cha risasi kimezungushiwa mikanda miwili, kama sanduku la safari lililofungwa kamba. Nikafikiri nimekosea umbo. Nikabadilisha umbo, mikanda ikabaki. Kumbe usipotaja kipimo cha nafasi, GDML huchukua milimita. Ile 10 yangu ilikuwa milimita kumi, sentimita moja, na risasi inafika sentimita mbili na nusu kila upande kutoka katikati. Sahani zimezama ndani ya risasi, na kwa kuwa ni pana zaidi, kingo zake zikachomoza kama mikanda.

Pembe ni mbaya zaidi, kwa sababu zisipotajiwa kipimo huhesabiwa kwa radiani. Andika rotation ya 90 bila unit="deg" na kitu chako kitazunguka radiani tisini: mizunguko kumi na minne mizima, halafu nyuzi kama 117 zaidi. Ukiona kitu kimelala upande usioeleweka, usihangaike na hesabu kabla hujatafuta neno deg kwenye mstari wake.

Kuna na hili la tatu, linawapata waliozoea kuandika jiometri kwa kodi, yaani maandishi ya programu. Sanduku la GDML hupewa urefu mzima. Lakini ndani ya ROOT na Geant4, programu ya kuiga safari za chembe, kodi ya sanduku hupokea nusu ya urefu, kutoka katikati hadi ukingo. Tena ROOT inafikiri kwa sentimita na Geant4 kwa milimita. Faili ikitoka upande mmoja kwenda mwingine kupitia GDML, programu hujibadilishia zenyewe. Mtu akinakili namba kwa mkono, hapo ndipo kigunduzi huwa mara mbili ya ukubwa wake, au mara kumi.

Ili usitegemee macho tu, ROOT ina mkaguzi wake:

gGeoManager->CheckOverlaps(0.01);
gGeoManager->PrintOverlaps();

Namba ile ni sentimita: ninamwambia aniambie vitu vyote vinavyoingiliana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye faili yangu ya mikanda alizitaja sahani zote mbili na bamba. Ningemwita mapema ningeokoa saa nzima. Kwenye ramani za nyumba ukuta ukipita ndani ya nguzo, fundi atacheka na kurekebisha. Kwenye uigaji wa chembe hakuna fundi. Chembe ikifika mahali ambapo vyombo viwili vinadai nafasi moja, programu haijui iko kwenye plastiki au risasi, na majibu yote yanayofuata hayaaminiki.

Ukishazoea hiyo ndogo, nenda kwa mkubwa. ROOT wanaweka wazi jiometri ya CMS, mojawapo ya vigunduzi vya LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha chembe, ule wa mzingo wa kilomita 27 uliochimbiwa chini ya ardhi takriban mita mia moja:

TFile::SetCacheFileDir(".");
TGeoManager::Import("https://root.cern/files/cms.root");
gGeoManager->DefaultColors();
gGeoManager->GetTopVolume()->Draw("ogl");

Mstari wa kwanza ni wa wanaonunua bando: unahifadhi nakala kwenye folda yako ili kesho usipakue tena. Ule wa tatu hupaka rangi kufuata malighafi, la sivyo utatazama bahari ya rangi moja. CMS ina urefu wa mita 21, kipenyo cha mita 15 na uzito wa tani 14,000. Mwenzake ATLAS ni mrefu zaidi, mita 46 kwa 25, karibu kontena nne za futi 40 zikilazwa kichwa kwa mkia, lakini uzito wake ni tani 7,000 tu. Nilipoona namba hizo niliuliza mara mbili. CMS imeshindiliwa chuma, ndiyo maana inaitwa hivyo: neno la kwanza la jina lake, Compact, kwa Kiswahili ni "iliyoshikamana".

Picha itakayotoka ni pipa kubwa la chuma, na nje hakuna cha maana cha kuona. Lazima uifungue. Njia ya kwanza ni kukata: kwenye paneli ya kuhariri ya dirisha la picha kuna sehemu ya Clipping, chagua Plane, kisha usogeze bapa mpaka lipite katikati. Utaona tabaka: kifuatilia-njia cha silikoni katikati, halafu kalorimita (kipima-nishati) ya fuwele ambayo ina fuwele karibu 76,000, halafu ya shaba nyeupe, halafu sumaku, na nje chuma na vyumba vya myuoni. Njia ya pili ni kuzificha tabaka au kuzifanya angavu:

gGeoManager->GetVolume("TRAK")->InvisibleAll();

Hiyo inaficha kifuatilia-njia. Badala ya InvisibleAll, ukiweka SetTransparency(70) kwenye chombo unachokitaka, kitakuwa kama kioo. Sifuri ni zito kabisa, mia hakionekani. Mimi napenda 60 hadi 75. Chini ya hapo ndani hakuonekani vizuri, na juu ya hapo umbo lenyewe linayeyuka.

Kwa asiyetaka kuweka chochote kwenye kompyuta yake kuna JSROOT, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, hata cha simu. Haisomi GDML moja kwa moja, kwa hiyo mwenye ROOT abadilishe kwanza:

gGeoManager->Export("kigunduzi.root");

Kisha fungua root.cern/js/latest, chagua faili kutoka kwenye mashine yako, na ubofye jina la jiometri kwenye orodha. Faili yako haipelekwi popote, inasomwa hapohapo ndani ya kivinjari, kwa hiyo hata profesa mwenye wivu hana neno. Kwenye nafasi ya chaguo za kuchora unaweza kuandika vislvl5 kwa ngazi ya tano, clipx kukata kwa mhimili wa x, au axis kuonyesha mihimili. Kitufe cha kulia cha mausi kinakupa mengine.

FreeCAD nayo ina nyongeza ya GDML unayoipakua kwenye Addon Manager yake, na kwa mtu wa CAD kama mimi ndiyo inayofanana na nyumbani, hasa ukitaka kupima au kusahihisha. Kwa faili kubwa lakini inachoka upesi. Ninaitumia kwa vipande tu.

Mambo mawili madogo ya njiani. Faili nyingine za GDML huvuta vipande kutoka faili nyingine, ama kwa mistari ya ENTITY juu kabisa au kwa alama ya file ndani ya physvol. Mtu akikupa ile moja tu kwenye flashi, haitafunguka. Mwambie akupe folda nzima. La pili ni la wanaotumia Geant4, ambayo mfano wake G01 una programu ya load_gdml: kwa kawaida huikagua faili dhidi ya kanuni za GDML, na anwani ya kanuni hizo iliyoandikwa juu ya faili mara nyingi iko mtandaoni. Bando likiisha, faili iliyofunguka jana leo inaleta makosa. Kama una kodi yako, andika parser.Read("kigunduzi.gdml", false) nayo itaacha ukaguzi huo. ROOT haina shida hii.

Kijana alitaka picha ya kuweka kwenye ripoti yake. Dirisha la ROOT lina Save As kwenye menyu ya File, na PNG inatosha. Lakini usuli wake ulikuwa mweusi, na printa yangu ilikuwa na wino wa kukopakopa, basi tukaipitisha JSROOT ambako usuli ni mweupe. Nikamchapia A3, kata ya mhimili wa x, ngazi ya saba, risasi kwa uangavu wa 70. Alipoikunja nikamkataza, nikampa mrija wa karatasi ninaobebea ramani, akashuka nao ngazi akiwahi feri ya Likoni.